Kupima Urefu wa Mzizi wa Jino la Utotoni: Maelezo kwa Wazazi na Walezi wa Nyanda za Juu za Ufipa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Mtoto wa miaka mitano anayeamka usiku akilia kwa maumivu ya gego mara nyingi huwa amekwisha kupita hatua ambayo jino linaweza kuzibwa tu na kuachwa. Uozo umefika kwenye kiini cha jino, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu, na mzazi hubaki na njia mbili: jino ling'olewe au mzizi wake utibiwe. Katika Mkoa wa Rukwa, kama ilivyo katika mikoa mingine mingi nchini, njia ya kwanza ndiyo iliyozoeleka. Wengi huitetea kwa hoja kwamba jino la utotoni litang'oka lenyewe hata hivyo. Ya nini kuligharamia?

Makala haya yanaeleza njia ya pili, na hasa hatua moja ndani yake ambayo mzazi aliyekaa kando ya kiti cha matibabu huiona bila kuielewa. Daktari huingiza kijisindano chembamba ndani ya jino, hukichomoa, hukilaza juu ya rula ndogo, kisha hutaja namba ambayo msaidizi wake huiandika kwenye faili la mgonjwa. Namba hiyo ni urefu wa mfereji wa mzizi kwa milimita. Ikikosewa kwa milimita mbili tu, tiba nzima inaweza kuharibika, na pamoja nayo jino la ukubwani ambalo bado halijaonekana mdomoni.

Kwa nini jino litakalong'oka litibiwe

Mtoto huwa na meno 20 ya utotoni. La kwanza huota kwa kawaida kati ya miezi sita na kumi, na magego ya mwisho hukamilika mtoto anapokaribia umri wa miaka mitatu. Meno ya mbele huanza kutoka kwenye miaka sita au saba, umri ambao katika familia nyingi mtoto hulitupa jino lake juu ya paa na kuomba jipya. Hapo ndipo wazazi wengi wanapofikia hitimisho kwamba meno yote ya utotoni yamemaliza kazi. Gego la pili la utotoni, lile la nyuma kabisa katika safu ya meno hayo, hukaa hadi miaka 10 au 12. Likioza mtoto akiwa na miaka mitano, bado anategemewa kulitumia kwa miaka mingine mitano hadi saba, yaani karibu muda wote wa elimu ya msingi.

Gego hilo pia hulinda nafasi. Kwenye umri wa takribani miaka sita, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma yake. Kama gego la utotoni limeshang'olewa, hilo jipya husogea mbele na kuziba pengo, na jino la ukubwani lililopaswa kuota hapo hukosa mahali pa kupita. Matokeo yake huonekana miaka kadhaa baadaye: meno yaliyobanana, yaliyopandana, au jino lililobaki ndani ya taya.

Kutafuna nako si jambo dogo katika mkoa huu. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 uliiweka Rukwa miongoni mwa mikoa yenye viwango vya juu kabisa vya udumavu nchini, ambapo karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi na huanza mapema, hata kabla meno hayajakamilika, kwa hiyo meno yasibebeshwe lawama isiyo yao. Hata hivyo, mtoto ambaye tayari lishe yake ni ya mashaka, kisha akashindwa kutafuna maharage, karanga na nyama kwa sababu ya gego bovu, na kubaki akinywa uji mwepesi wenye sukari, huongezewa mzigo juu ya mzigo.

Tatizo hili si la Rukwa peke yake. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani kuhusu hali ya afya ya kinywa, iliyotolewa mwaka 2022, ilikadiria kuwa watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza.

Mzizi unaoliwa na mwenyeji wake

Ili kuelewa kwa nini kupima ni kazi ngumu, ni lazima kwanza kufahamu tabia ya mzizi wenyewe. Mzizi wa jino la mtu mzima, ukishakamilika, hubaki na urefu wake kwa miaka mingi. Mzizi wa jino la utotoni hukamilika, hukaa imara kwa miaka kadhaa, kisha huanza kuyeyushwa na mwili taratibu ili kulipisha jino la ukubwani linalosukuma kutoka chini. Ndiyo maana jino la utotoni likitoka lenyewe huonekana kama kofia isiyo na mizizi. Mizizi ilikuwapo, imeliwa.

Chini ya kila gego la utotoni kuna chipukizi la jino la ukubwani, limekaa katikati ya mizizi iliyopanuka kama yai lililoshikwa kwa ncha za vidole. Kwenye meno ya mbele, chipukizi hukaa nyuma ya mzizi, upande wa ulimi. Umbali kati ya ncha ya mzizi na chipukizi hilo ni milimita chache tu. Jino zima la utotoni, tangu ukingo wake wa juu hadi ncha ya mzizi, kwa kawaida halizidi milimita 20, na meno mengi ni mafupi zaidi ya hapo. Katika eneo finyu namna hiyo, kosa la milimita mbili ni sehemu kubwa ya kazi yote.

Daktari akipita kiasi, kijisindano hutokeza nje ya ncha ya mzizi, husukuma mabaki yaliyooza ndani ya mfupa na kuweza kulijeruhi chipukizi. Dawa ya kusafishia, ambayo aghalabu ni ya jamii moja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe, ikipenya huko huunguza nyama na kusababisha uvimbe mkali. Akiishia mbali na ncha, huacha uchafu na vimelea ndani ya mfereji, na baada ya wiki au miezi uvimbe hurudi pale pale. Uambukizo unaokaa muda mrefu juu ya chipukizi una alama yake: jino la ukubwani huota likiwa na baka jeupe, la njano au la kahawia, au na vishimo kwenye ngozi yake ngumu. Wataalamu huliita jino la Turner. Mzazi huliona mtoto akiwa na miaka kumi na kushangaa, kwa kuwa amekwisha kusahau gego lililovimba zamani.

Vidole, picha na hesabu

Njia ya kwanza na ya kale zaidi ni hisia ya vidole. Daktari mzoefu husikia kijisindano, ambacho wataalamu hukiita faili, kikibana karibu na ncha. Kwa mtu mzima hisia hiyo husaidia kwa kiasi. Kwa mtoto haiaminiki, kwa sababu ncha ya mzizi ulioanza kuliwa huwa wazi na haina mahali pa kubana, na mifereji ya magego ya utotoni huwa membamba, iliyojipinda na kuungana kama utepe. Daktari anayetegemea vidole pekee anakisia.

Njia ya pili ni picha ya eksirei. Hata kama kipimo kingine kitatumika, picha ya mwanzo haina budi kupigwa, maana ndiyo inayoonesha jipu limeenea wapi, mfupa umeharibika kiasi gani, mizizi imebaki kwa urefu upi na chipukizi liko hatua gani. Kwa ajili ya kupima, daktari huweka faili ndani ya mfereji likiwa na kijipira kidogo kinachogusa ukingo wa jino, kisha hupiga picha. Kwa kuwa picha ya jino mara nyingi hutoka kubwa kidogo kuliko jino lenyewe, hesabu rahisi ya uwiano hutumika kurekebisha. Tuchukue mfano. Faili la milimita 12 limeonekana pichani likiwa na urefu wa milimita 13.2. Jino lenyewe pichani lina milimita 17.6. Zidisha 12 kwa 17.6, gawanya kwa 13.2, utapata milimita 16: huo ndio urefu wa kweli wa jino. Kwa mtoto, daktari hupunguza milimita moja hadi mbili ili abaki salama ndani ya ncha, hivyo kazi ya kusafisha itaishia kwenye milimita 14 au 15. Hesabu hiyo hurudiwa kwa kila mfereji, na gego moja la chini huwa na mifereji mitatu au minne.

Picha ina upungufu wake. Ni kivuli cha kitu chenye pande zote kilicholazwa juu ya kipande bapa. Jino la mbele la mtoto likiwa limeliwa upande wa ulimi, picha iliyopigwa kutoka upande wa mdomo inaweza kuonesha mzizi mzima hadi nchani, ilhali tundu halisi la kutokea liko juu zaidi, limefichwa nyuma. Daktari akifuata picha hiyo, faili litatokeza nje ya mzizi huku hesabu ikiwa sahihi kabisa. Kwenye magego ya juu, vivuli vya chipukizi na vya mifupa huangukia juu ya ncha za mizizi na kuzifanya zisomeke kwa shida. Isitoshe, kuna watoto ambao wakiwekewa kipande cha picha mdomoni hutapika au hukataa kutulia.

Kiasi cha mionzi katika picha moja ya jino ni kidogo mno, lakini kwa mtoto kanuni ni kupiga picha zilizo za lazima tu. Mashine zote za eksirei nchini, zikiwamo za meno, zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania yenye makao yake makuu Arusha, kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, na kituo kinachozitumia kinatakiwa kuwa na leseni. Mwananchi ana haki ya kuuliza.

Kipimo cha umeme

Njia ya tatu ilizaliwa Japani. Mwaka 1942 mtafiti aitwaye Suzuki, katika majaribio aliyoyafanya kwa mbwa, aliona kwamba ukinzani wa umeme kati ya kifaa kilichofika nje ya ncha ya mzizi na ngozi ya ndani ya mdomo haubadiliki sana kutoka jino moja hadi jingine. Miaka 20 baadaye, mwaka 1962, Sunada aliutumia ugunduzi huo kwa binadamu, akautaja ukinzani huo kuwa takribani kiloomu 6.5, na kueleza namna ya kuugeuza kuwa kipimo cha urefu.

Kanuni yake haihitaji elimu kubwa ya fizikia. Ukuta wa jino haupitishi umeme kwa urahisi. Nyama iliyo chini ya mzizi huupitisha. Waya mmoja wa kifaa hubanwa kwenye faili, na mwingine, wenye umbo la ndoano, hutundikwa pembeni mwa mdomo wa mtoto. Mkondo unaopita ni mdogo sana na mtoto hausikii. Faili linaposhuka, kifaa hulia au huonesha kwa mistari jinsi linavyoikaribia ncha, na likifika mahali nyama inapoanzia, alama hubadilika. Daktari husogeza kijipira hadi ukingo wa jino, hutoa faili na kusoma rula.

Vifaa vya mwanzo vilichanganyikiwa kila mfereji ulipokuwa na damu au dawa, na vilifaa tu kwenye mfereji mkavu, jambo ambalo ni nadra mdomoni mwa mtoto. Mwaka 1994 Wajapani wengine, Kobayashi na Suda, walichapisha njia ya kupima kwa masafa mawili ya umeme kwa wakati mmoja na kulinganisha uwiano wake. Vifaa vingi vya sasa vinatokana na wazo hilo na hufanya kazi hata mfereji ukiwa na unyevu. Tafiti zilizofanywa kwenye meno ya utotoni katika nchi kama India, Brazil na Uturuki zimeonesha kwamba tofauti kati ya namba ya kifaa na urefu halisi mara nyingi haizidi milimita moja.

Faida yake kubwa kwa jino la utotoni ni kwamba kifaa hutafuta tundu mahali lilipo kweli, hata kama liko ubavuni, wakati picha huonesha mahali ncha inapoonekana kuwapo. Hutumia betri, hivyo kukatika kwa umeme hakukizuii. Hata hivyo hakikosi mipaka. Mfereji uliojaa damu au usaha unaobubujika, faili linalogusa ziba la chuma, betri iliyochoka, au ncha iliyoliwa hadi kuwa wazi kama mdomo wa chupa, yote hayo hutoa namba ya uongo. Kwa sababu hiyo matumizi bora ni kuoanisha viwili: picha moja ya mwanzo kwa ajili ya uamuzi, na kipimo cha umeme kwa ajili ya urefu. Zikipishana sana, daktari hupima upya.

Namba huchakaa

Hili ndilo jambo ambalo mwandishi wa makala haya angependa lisomwe kwa makini zaidi na wakazi wa Ufipa. Kwa mtu mzima, picha na vipimo vya miezi sita iliyopita bado vina thamani. Kwa mtoto, mzizi unaendelea kuliwa, na pale penye usaha huliwa haraka kuliko kawaida na bila mpangilio. Kipimo cha Januari hakiwezi kutumika Julai.

Mvua katika nyanda hizi hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia takribani Novemba hadi Aprili. Ni msimu wa shamba, na ndio msimu ambao barabara za kuteremka ukingo wa uwanda kwenda Muze, Mtowisa na Ilemba katika Bonde la Ziwa Rukwa huwa na taabu zaidi. Mavuno ya mahindi na maharage ndiyo huleta fedha mkononi. Ni jambo la kueleweka kabisa kwa familia kusema, "tutampeleka baada ya mavuno." Lakini gego lililoanza kuuma Desemba na kufikishwa hospitali Julai limepoteza miezi saba ya mzizi, na aghalabu limekwisha kuhama kutoka kundi la meno yanayotibika kwenda kundi la meno ya kung'olewa. Wataalamu wengi huweka mpaka kwenye theluthi moja: mzizi ukishaliwa zaidi ya hapo, tiba ya mzizi haishauriwi tena.

Kuna tarehe nyingine inayopita kimyakimya. Sera ya Taifa ya Afya ya mwaka 2007 inawaweka watoto wa chini ya miaka mitano katika makundi yanayopata msamaha wa gharama za matibabu kwenye vituo vya umma. Magego mengi ya utotoni huanza kuonesha tundu mtoto akiwa na miaka mitatu au minne, na huanza kumliza akiwa na mitano, sita au saba, wakati amekwisha kutoka katika kundi hilo. Tundu jeusi linaloonekana mapema lipelekwe mapema.

Pa kuanzia ni kituo cha karibu. Zahanati na vituo vya afya vilivyo chini ya halmashauri humchunguza mtoto, humpa dawa ya maumivu na kuandika rufaa. Huduma ya kung'oa jino hupatikana katika ngazi za chini zaidi kuliko huduma ya kutibu mzizi, na hiyo ni sababu mojawapo ya meno mengi kung'olewa. Mzazi wa Namanyere, Matai au Laela anayetaka jino litibiwe aulize waziwazi ni hospitali ipi inatoa tiba hiyo kwa watoto, kabla ya kukubali ling'olewe. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Sumbawanga. Ngazi inayofuata ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ya Laela na Tunduma. Mwenye kadi ya bima ya afya aulize pia ni sehemu gani ya tiba italipiwa. Kwa anayetoka mbali, kama Kirando au Kabwe kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, swali jingine la maana ni iwapo kazi inaweza kumalizwa kwa siku moja. Jino lisilo na uvimbe wala usaha mara nyingi hutibiwa kwa mara moja. Lenye usaha linaweza kuhitaji kurudi. Picha zilizokwisha kupigwa zichukuliwe na kubebwa, kwani hata kama namba zake zitapimwa upya, humsaidia daktari anayefuata kuona mwendo wa ugonjwa.

Baada ya kupima

Urefu ukishajulikana, mtoto akiwa amepigwa ganzi, mfereji husafishwa hadi kwenye namba hiyo na si zaidi, hukaushwa, kisha hujazwa dawa. Mzazi anaweza kusikia harufu ya karafuu. Mafuta ya karafuu, zao lililoijengea Unguja na Pemba jina duniani, yana kemikali iitwayo yujenoli, na yujenoli ikichanganywa na unga wa oksidi ya zinki hutoa lahamu ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa zaidi ya karne moja. Wapo wanaotumia badala yake mchanganyiko wa hidroksidi ya kalsiamu na aiodofomu. Sharti ni kwamba kijazio kiweze kuyeyuka pamoja na mzizi unapoliwa. Ule mpira mgumu unaojazwa kwenye mizizi ya watu wazima hautumiki hapa, kwa kuwa ungebaki njiani kama kigingi mbele ya jino linalokuja. Juu ya gego lililotibiwa huvishwa taji la chuma kisichoshika kutu, kwa sababu kuta zilizobaki ni nyembamba na zikiachwa na ziba la kawaida huvunjika.

Dawa za kuua vimelea zinazonunuliwa kwenye maduka ya dawa muhimu hazichukui nafasi ya kazi hiyo. Kiini cha jino kilichokufa hakina mishipa ya damu ya kuifikisha dawa ndani ya mfereji. Uvimbe hupungua kwa siku kadhaa na kurudi. Mtoto asipewe asipirini, wala isiwekwe kwenye tundu la jino. Shavu lililovimba hadi karibu na jicho au kushuka shingoni, homa, kushindwa kufungua mdomo au kumeza, ni hali za dharura za kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Yapo meno ambayo kung'olewa ndiyo tiba sahihi: yale yaliyobakiza mizizi mifupi, yaliyopasuka hadi chini ya fizi, au yanayokaribia kutoka yenyewe. Hapo mzazi aulize kuhusu kishikilia nafasi, kifaa kidogo cha waya kinachozuia meno jirani yasisogee, hasa lililong'olewa likiwa gego la pili.

Kisicho tiba kabisa ni kung'oa kile kinachoitwa meno ya plastiki. Katika maeneo mbalimbali nchini, mtoto mchanga akipata homa au kuharisha, fizi zake hukatwa na vichipukizi vya chonge kutolewa kwa kisu au kipande cha chuma, kwa imani kwamba ndivyo vinavyomletea ugonjwa. Kinachotolewa ni jino la utotoni la kawaida ambalo bado halijaota. Mtoto huweza kuvuja damu, kupata maambukizi na kupoteza maisha, na akipona huota baadaye chonge ya ukubwani iliyoharibika au asiipate kabisa. Homa na kuharisha kwa mtoto mchanga vina sababu zake na hutibiwa kituoni.

Jino lililotibiwa mzizi lichunguzwe kila baada ya miezi sita. Daktari hutazama kama kuna kijipele cha usaha kwenye fizi, kama jino linacheza kabla ya wakati, na pale inapobidi hupiga picha kuona kama kijazio kinayeyuka sambamba na mzizi. Wakati mwingine hakiyeyuki kwa kasi ile ile, na jino la utotoni hukawia kutoka. Mzazi akiona jino jipya limechomoza pembeni au nyuma ya lile lililotibiwa, ambalo bado limeshika imara, amrudishe mtoto kliniki bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.